Uzi maalumu: Izmir, mji wa bahari ambao wengi wetu tunaupita tukiwahi Istanbul na Efeso

#1 Mwana Pangani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila nikifungua uzi wa safari za Uturuki nakuta yale yale: Istanbul, maduka ya nguo za jumla, maputo ya Cappadocia. Izmir ikitajwa, basi ni mahali pa kushukia ndege ili mtu awahi magofu ya Efeso. Huu ni mwaka wangu wa sita Izmir. Nilikuja kusoma, nikapata kazi, nikabaki. Roho inaniuma kuona watu wa kwetu, hasa sisi wa mwambao, tunaupita mji huu kama kituo cha basi. Katika miji yote ya Uturuki niliyokanyaga, huu ndio uliofanana na kwetu kuliko yote. Maisha yote yanaelekea baharini, dini zote zilipata kukaa jirani, na karibu kila chakula ukikiulizia asili yake utaambiwa kilikuja na meli. Nitaandika kidogo kidogo, mwenye swali aulize.

Izmir iko pwani ya magharibi, Bahari ya Aegean, ndani kabisa ya ghuba. Ukisimama ufukweni unauona mji uliopo na mji mwingine ng'ambo, kama unavyoiona Kigamboni ukiwa Magogoni, ila hapa maji ni mapana zaidi. Ni mji wa tatu kwa ukubwa baada ya Istanbul na Ankara, na mkoa mzima una watu zaidi ya milioni 4. Jina lake la kale ni Smirna, na wasomaji wa Biblia watalikumbuka kwenye Ufunuo, katika yale makanisa saba ya Asia. Efeso na Pergamo, mengine mawili kati ya hayo saba, nayo yamo ndani ya mkoa huu huu. Saa za huku ni saa zetu, hakuna tofauti hata ya dakika moja, kwa hiyo ukipiga simu nyumbani humwamshi mtu.

Wakati wa dola ya Uthmaniya Waturuki waliupa jina Gâvur İzmir, yaani Izmir ya makafiri. Bandari ilikuwa imejaa Wagiriki, Waarmenia, Wayahudi waliotoka Hispania, na wafanyabiashara wa Kizungu waliozaliwa huku huku, wanaoitwa Walevanti. Jina lilikuwa la kejeli, lakini leo utawasikia wenyeji wakilitamka kwa majivuno. Mji ule uliisha Septemba 1922. Jeshi la Uturuki liliingia tarehe 9, na tarehe 13 moto ukaanza mitaa ya Waarmenia. Uliteketeza mitaa yao na ya Wagiriki, watu wakabanana gatini na moto nyuma yao na bahari mbele yao. Nani aliwasha, wanahistoria wanabishana mpaka leo. Mwaka uliofuata, 1923, Ugiriki na Uturuki zikakubaliana kubadilishana watu: Waorthodoksi waende kule, Waislamu waje huku.

Sehemu kubwa ya pale palipoungua ndipo penye bustani ya Kültürpark, iliyofunguliwa 1936 chini ya meya Behçet Uz, ambako kila mwaka hufanyika maonyesho ya biashara, kama Sabasaba yetu. Watoto wanaendesha baiskeli, mitende imeota, wazee wanacheza karata. Mimi nilikwenda kukimbia pale miezi minane bila kujua, mpaka profesa wangu mmoja alipotuonyesha ramani ya zamani darasani. Jioni ile sikukimbia. Nilitembea tu.

Ndiyo maana nasema mji huu usiutembelee kwa kuhesabu majengo. Wengi walioujenga hawapo tena. Ukitaka kuwajua utawakuta kwenye chakula, kwenye majina ya mitaa, na kwenye mambo ambayo wenyeji wanafanya bila kujiuliza yalitoka wapi.

Nitarudi na Kemeraltı.

#2 Kahawa Tungu

Nimeweka kambi hapa mkuu. Nilipita Izmir 2019, saa nne tu, nikapiga picha mnara wa saa nikaondoka. Nimejisikia vibaya kusoma hii.

#3 Mwana Pangani

Usijisikie vibaya mkuu, huo mnara ndio pa kuanzia. Uko uwanja wa Konak, ulijengwa 1901, urefu wake mita 25, kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Abdülhamid wa Pili kukaa kitini. Aliyeuchora ni Raymond Péré, Mfaransa wa hapa hapa Izmir, na saa yenyewe ni zawadi ya Kaisari wa Ujerumani. Hesabu mwenyewe: sultani Mwislamu, mchoraji Mkatoliki, saa ya Mjerumani, na pembeni yake kamsikiti kadogo ka pembe nane kalikopambwa kwa vigae vya buluu. Péré huyo huyo ndiye aliyepamba kwa michoro kanisa la Mtakatifu Polikarpo, askofu wa Smirna aliyeuawa kwa ajili ya imani katika karne ya 2, na ndani ya mchoro mmoja akajichora yeye mwenyewe. Kanisa hilo halifunguliwi ovyo, piga simu kwanza.

Sasa ingia Kemeraltı. Hili ni soko, lakini usifikirie jengo. Ni mitaa na vichochoro, vingine vimefunikwa juu, na barabara kuu yake imepinda kama mundu. Sababu ya kupinda ni kwamba zamani hapo palikuwa ukingo wa bandari ya ndani. Bandari ikajaa mchanga, ikafukiwa, maduka yakapangwa kufuata ufuo. Kwa hiyo unaponunua viatu unatembea pwani ya zamani. Utapita wauza nguo za harusi, wauza mbegu, wauza samaki, mafundi wa shaba, halafu ghafla uko Hisar Camii, msikiti mkubwa wa miaka ya 1590. Kapeti laini, kuba pana, na nje yake vijiwe vya kahawa vimezunguka pande zote.

Hapo kando ndipo penye jengo ninalotaka kila Mwafrika anayekuja Izmir aingie: Kızlarağası Hanı. Ni khani ya mwaka 1744. Wafanyabiashara walilala ghorofani, mizigo na ngamia chini, ua katikati. Siku hizi kuna maduka ya vito, kapeti na vitu vya kale. Watalii wanaingia, wananunua, wanatoka. Jina maana yake ni khani ya "Ağa wa wasichana", cheo cha mkuu wa matowashi wa nyumba ya wake wa sultani. Aliyeijenga ni Hacı Beşir Ağa, na Beşir Ağa alikuwa mtu mweusi, mtoto wa Kihabeshi aliyetekwa utumwani na kuhasiwa. Alishika cheo hicho kuanzia 1717 hadi kufa kwake 1746, karibu miaka 30, na katika miaka hiyo mawaziri wakuu walipanda na kushuka kwa neno lake. Aliacha msikiti na maktaba Istanbul, na khani hii Izmir.

Mimi hukaa pale na kuagiza kahawa inayopikwa ndani ya kikombe. Mhudumu anatia unga wa kahawa, sukari na maji kwenye kikombe chenyewe, kikombe kinakaa juu ya moto mpaka povu linapanda hadi ukingoni. Kinaletwa mezani bado kinatokota, na glasi ya maji pembeni. Subiri. Ukikimbilia utaungua mdomo, na machicha hayajatulia. Kahawa asili yake ni Uhabeshi, na mwenye nyumba alikuwa Mhabeshi. Kila nikiketi pale nalifikiria hilo, na sijawahi kukuta kibao kinachomwambia mtalii.

#4 Baharia Mstaafu

Mleta uzi ubarikiwe. Sisi wa Mombasa tunafundishwa Wareno na Waomani tu. Lakini Waturuki nao walifika kwetu. Amiri Ali Bey alikuja na merikebu yake 1585, miji mingi ya mwambao ikampokea kwa kuwachoka Wareno, akarudi tena, na 1589 akakamatwa pale pale Mombasa. Kwa hiyo bahari hii na ile zinajuana zamani.

Niulize: nimewahi kuona picha ya kina mama weusi kama sisi, mitandio ya Kituruki, wakasema ni wenyeji wa huko Izmir. Ni kweli au ni wahamiaji?

#5 Msafiri wa Uvinza

+1 hilo swali. Na mimi niongeze: mtu mweusi anaishi vipi huko? Sema ukweli mkuu.

#6 Mwana Pangani

Ahsante Baharia. Hili ndilo lililonisukuma kuandika, acha nilieleze taratibu.

Ni kweli, ni wenyeji. Wanaitwa Afro-Türk. Mababu zao waliletwa utumwani kwa njia nyingi: wengine kupitia jangwani hadi Tripoli na Benghazi, wengine kwa mto Nili hadi Alexandria, wengine kwa Bahari ya Shamu. Wengi asili yao ni Sudan na majirani zake, ila wamo wa Uhabeshi, na wamo wa kwetu. Sultani alipiga marufuku biashara ya watumwa Waafrika mwaka 1857, lakini magendo yaliendelea kwa miaka mingi. Mwishoni mwa karne ile serikali ikawa inawaweka walioachwa huru katika eneo la Izmir, wengine wakapewa ardhi ya kulima. Ndiyo maana mpaka leo utawakuta vijiji vya upande wa Torbalı, Tire na Bayındır, kwenye mashamba ya pamba, tumbaku na mizeituni. Ni Waislamu, wanaongea Kituruki tu, na lafudhi yao ni ya kijijini kuliko ya jirani zangu wa mjini.

Mtu aliyewatoa kwenye kimya ni Mustafa Olpak, fundi wa marumaru wa Ayvalık, aliyezaliwa 1953 na kufariki 2016. Bibi na babu yake walitekwa Kenya, wakapelekwa kisiwa cha Krete, na familia ikaja Uturuki kwenye yale mabadilishano ya watu niliyoyataja. Ona hapo: mtoto wa Kenya anahamishwa Ugiriki kwenda Uturuki kwa kuwa ni Mwislamu. Olpak aliandika kitabu cha ukoo wake, na mwaka 2006 akaanzisha chama cha Waafrika wa Uturuki.

Chama hicho ndicho kilichofufua Dana Bayramı, sikukuu ya ndama. Zamani, watu weusi wa Izmir walikuwa na viongozi wa kike walioitwa godya. Godya alikuwa mganga, msuluhishi na mama wa wote. Kila masika walipita nyumba kwa nyumba na ngoma kukusanya fedha, wakanunua ndama, wakampamba, wakamzungusha mitaani, kisha wakamchinja na kula pamoja kwa siku kadhaa. Mtu wa Pangani akisikia habari hizo haulizi mara mbili. Ilikatika miaka ya 1920 hivi, ikarudi 2007, na hufanyika mwezi wa Mei.

Nilikwenda mara ya kwanza mwaka wangu wa pili, kwa basi dogo la kijijini. Nilishuka, na bibi mmoja mweusi tii, kilemba cha maua, akaniita kutoka kivulini kwa mkono: "Gel oğlum", njoo mwanangu. Akanishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kulia na kushoto kama anayekagua embe. Akauliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Halijui. Nikasema Afrika, mashariki, pwani. Akatikisa kichwa, akaniambia bibi yake mzaa mama hakuwahi kusema alitoka wapi, ila mchana akipepeta ngano alikuwa akiimba maneno ambayo hakuna mtoto aliyeyaelewa. Nikamuuliza kama analikumbuka hata neno moja. Akafumba macho, akakaa muda mrefu, midomo inacheza. Akasema hapana. Kisha akanimegea mkate wake.

Sikumbuki sana ngoma wala hotuba za siku ile. Ninachokumbuka ni ule muda alipokuwa amefumba macho.

Msafiri, swali lako. Watu wa Izmir ni wakarimu na mji una uhuru kuliko miji mingi ya bara, wanawake wanatembea usiku, hakuna anayekuuliza dini yako. Lakini utaangaliwa. Utaombwa picha. Mwaka wa kwanza mwenye nyumba mmoja alinikubalia kwa simu, nilipofika mlangoni akasema chumba kimeshapata mtu, na tangazo lake likaendelea kukaa mtandaoni wiki nzima. Utasikia pia neno Arap likitumika kumaanisha mtu mweusi, hata kwa wale mabibi wa Torbalı. Nililia siku ya chumba kile, sitaki kulificha. Jirani aliyenikuta nikilia ngazini, akalia nami, ndiye aliyenitafutia nyumba ninayokaa hadi leo.

Nyongeza kwa wapenda ndege: mmoja wa marubani wa kivita weusi wa kwanza kabisa duniani, Ahmet Ali Çelikten, alizaliwa Izmir 1883.

#7 Binti Ziwani

Nimesoma #6 mara tatu. Huyo bibi, mkuu. Sina neno.

#8 Kahawa Tungu

Mimi nimesimama kwenye kuhamishwa Krete. Kumbe historia yetu iko mbali hivi. Endelea mkuu, na usisahau chakula, kuna watu hapa wanasubiri chakula.

#9 Mwana Pangani

Chakula basi.

Asubuhi ni boyoz. Ni mkate mdogo wa mviringo wa tabaka tabaka, unga umevutwa kwa mafuta na ufuta uliosagwa hadi ukawa mwembamba kama kitambaa, ukakunjwa, ukaokwa. Mtu wa chapati za kusukuma ataelewa ufundi wake mara moja. Unaliwa na yai lililookwa hadi likawa kahawia, na chai. Uliletwa na Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Wayahudi wa Izmir leo wamebaki wachache sana, lakini ukikosa boyoz Jumapili asubuhi foleni yote itanung'unika. Ukitaka kuwaona wenyewe, nenda Havra Sokağı ndani ya Kemeraltı, mtaa wa masinagogi, yamebanana ukuta kwa ukuta na wauza samaki na zeituni. Halafu panda Asansör, lifti ya mtaa wa Karataş. Mlima ule ulikuwa na ngazi 155, na mwaka 1907 tajiri mmoja Myahudi, Nesim Levi, akajenga mnara wa matofali wenye lifti ili wazee na wajawazito wasiteseke. Mpaka sasa unafanya kazi. Juu unaiona ghuba yote.

Pili, jifunze majina. Ule mkate wa pete wenye ufuta ambao Uturuki nzima unaitwa simit, hapa ni gevrek. Mbegu za alizeti ambazo kwingine ni çekirdek, hapa ni çiğdem. Ukisema gevrek, muuzaji anakuongeza tabasamu. Na watu wa ng'ambo, Karşıyaka, wana ubishi wao: namba ya mkoa kwenye magari ni 35, wao husema wao ni 35 na nusu.

Kutoka Konak kwenda Karşıyaka panda kivuko, wao wanaita vapur. Nunua gevrek mbili, moja yako na moja ya shakwe. Wanaruka usawa wa mkono wako, wanadaka kipande hewani. Panda alasiri wakati wa kiangazi, ule muda upepo wa bahari uitwao imbat unapoanza. Joto la mchana linakatika kama umefungua dirisha. Jioni rudi Kordon, ile barabara ya ufukweni, ukae majanini na watu wote wa mji mkitazama jua likizama majini. Kula kome waliojazwa wali wa viungo, muuzaji anakamulia limau na kukupa mmoja mmoja mpaka useme basi. Gati lile lile la 1922. Sijui kama wanaokaa pale hulifikiria kila siku, mimi huwa nalifikiria.

Nimeacha lokma mwisho. Lokma ni kaimati. Sisemi zinafanana, ni kitu kimoja: Waarabu wa Ghuba wanaziita luqaimat, vijitonge, na jina letu limetoka huko huko kwenye luqma, tonge. Ya Izmir imetobolewa katikati kama pete, ila unga, mafuta na shira ni ile ile. Na hapa haiuzwi tu. Mtu akifa, siku ya saba au ya arobaini au ya mwaka, ndugu wanakodi gari la lokma. Linaegeshwa mtaani, sufuria kubwa ya mafuta, na kila apitaye anapewa sahani bure. Foleni inafika kona. Unapokea, unasema Allah kabul etsin, Mungu apokee, unakula umesimama.

Bibi yangu alifariki Pangani Januari, mwaka wangu wa tatu. Sikuwa na nauli, na mitihani ilikuwa wiki ile. Nilikaa chumbani siku mbili. Siku ya tatu yule jirani aligonga, akaniambia vaa koti. Chini, mbele ya jengo letu, gari la lokma lilikuwa limeshawashwa moto. Yeye na wenzake wa ngazi yetu walikuwa wamechangishana. Kwenye kibao cha gari walikuwa wameliandika jina la bibi yangu, herufi moja wamekosea. Walinisimamisha kando ya sufuria, na watu wakawa wanapita, madereva wa teksi, wanafunzi, mama wa duka la maua, mmoja mmoja ananishika mkono ananipa pole kwa bibi ambaye hawakumjua. Harufu ya mafuta na shira ilikuwa ya jikoni kwetu Ramadhani.

Nipumzike kidogo wakuu.

#10 Baharia Mstaafu

Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Mungu amrehemu bibi. Hao ni majirani kweli.

#11 Msafiri wa Uvinza

Pole sana mkuu. Uzi huu nimeutuma kwenye kundi la familia. Ukipata nguvu, tusaidie siku tatu mtu azigawe vipi, na Efeso je?

#12 Mwana Pangani

Nashukuru wote.

Siku ya kwanza: Konak, Kemeraltı, kahawa Kızlarağası, kisha Agora ya Smirna, magofu ya uwanja wa soko wa mji wa kale, dakika kumi kwa mguu. Tetemeko la mwaka 178 liliuangusha mji, Kaisari Marcus Aurelius akasaidia kuujenga upya. Usiishie kwenye nguzo za juu. Shuka chini kwenye matao, kuna ubaridi, na kwenye plasta kuna michoro ya watu wa kawaida wa enzi za Warumi: meli, wapiganaji, majina. Jioni Kordon.

Siku ya pili: boyoz, Asansör, kivuko, Karşıyaka. Kama una nguvu panda Kadifekale, ngome ya mlimani, kabla jua halijazama. Mitaa ya mteremko chini yake ndiyo watu weusi wa mjini walikuwa wakiishi zamani. Ukishuka pitia Basmane, mtaa wa stesheni ya reli. Mwaka 2015 maduka ya pale yalikuwa yanauza maboya ya kujiokolea kwa watu waliokuwa wanavuka kwenda visiwa vya Ugiriki. Bado utakuta Wasomali, Wakongo, Wasenegali, na mara nyingine utasikia Kiswahili nyuma yako.

Siku ya tatu Efeso. Panda treni ya İZBAN kuelekea Selçuk, na ufike lango likifunguliwa, kwa sababu marumaru hurudisha joto na huteleza. Maktaba ya Celsus utaipiga picha tu, hilo sina haja ya kukuambia. Wakristo wakae kidogo kwenye lile theatro la watu wapata 25,000, ndiko wafua fedha walikowachochea watu dhidi ya Paulo katika Matendo 19. Kisha tazama mbele: barabara ya nguzo inaelekea bandarini, na bandari haipo. Mto umejaza udongo, bahari imerudi kilomita kadhaa. Mjini Selçuk ingia İsa Bey Camii, wa 1375.

Bei sitaandika, lira inabadilika haraka, nitampotosha mtu. Kituruki usikiogope: saat, dakika, haber, kitap, hesap, sabun, dükkân, dünya. Nusu ya safari tayari unaijua.

#13 Binti Ziwani

Mkuu, nina swali moja na samahani kama si mahali pake. Mzee wangu alitutoka mwezi wa tatu. Nakuja Izmir kikazi mwezi wa kumi, siku nne. Mgeni kama mimi naweza kumtolea lokma, au ni ya wenyeji tu?

#14 Mwana Pangani

Pole sana dada, Mungu amlaze mzee mahali pema.

Unaweza, na hakuna atakayekuuliza wewe ni nani. Unaenda kwa lokmacı, mpika lokma, wapo kila mtaa. Unamwambia watu wangapi unataka wale, siku gani, mahali gani. Unampa jina la mzee naye analiandika kwenye kibao cha gari, likifuatiwa na neno hayrına, ambalo ni heri yetu ile ile: kwa heri yake. Liandike jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, ulisimamie mpaka amalize, wasikosee kama walivyokosea la bibi yangu. Mahali pazuri ni karibu na kivuko Konak saa kumi na moja jioni, watu wakitoka kazini wana njaa.

Nitumie ujumbe wa faragha tarehe yako ikijulikana. Nitakuja tusimame wote kando ya sufuria.